Aliyeulizwa Habari Zake Mwenyewe

Suhaib alikuwa amemwambia Somoe kwamba shangazi yake atakuja Vingunguti, ila siku hakumtajia. Desturi ya kwao haitaki siku itajwe, maana msichana akijua siku atafagia mpaka juu ya paa, na majirani watapikiwa pilau wapate ya kusema. Mtu wa kuulizia huja kimya kimya kama mnunuzi. Hununua kitu, akakaa, akauliza: fulani binti fulani mnamjua? Yukoje? Kisha hurudi kwao na alichokiokota, na hapo ndipo barua ya posa huandikwa au huachwa.

Basi Somoe akawa haishi kwa raha. Kila mwanamke wa makamo aliyeshuka kwenye bajaji karibu na machinjio alimfanya ashike kifua. Si kwamba alikuwa na tabia mbaya. Hazururi, hagombani, kibanda chake cha supu amekirithi kwa mama yake na anakiendesha kwa heshima. Kilichokuwa kikimtafuna ni kitu kimoja tu, na kitu hicho kilikuwa kimechapwa kwenye fulana.

Fulana zenyewe za kijani. Kifuani pana sura yake anacheka, na chini yake maneno: KITOWEO CHAP, NYAMA MLANGONI KWAKO. Mwaka juzi watu waligombea kuzivaa. Sasa zilikuwa matambara. Mwenye ndoo ya utumbo alifunikia ndoo yake, mwenye kubeba ngozi alitandika begani. Asubuhi moja Somoe alimwona mtu akifutia kisu cha damu kwenye paji la uso wake yeye, akageukia pembeni akajifanya anapuliza makaa.

Kitoweo Chap ilikuwa kampuni changa, ya kwenye simu. Aliyekuja nayo ni kijana mmoja aitwaye Rogers, mwenye ofisi ya vioo kule Mbweni. Maneno yake yalikuwa mazuri. Matajiri wamechoka kuja kusukumana na inzi, alisema. Watabonyeza apu, na pikipiki itawafikishia maini, makongoro na utumbo uliokwishaoshwa. Kina mama wauza utumbo wakiweka akiba zao watakuwa wabia, si wachuuzi tena. Akafanya sherehe ya uzinduzi, muziki ukapigwa, watu wakala wakashiba. Lakini Rogers hakuwa mjinga. Alijua kina mama wa machinjioni hawamwamini mtu mwenye viatu visivyo na tope. Akamtafuta wa kumwamini. Akampata Somoe, msichana aliyeishia darasa la saba, mpole wa maneno, mwenye macho ya kutazama kuliko mdomo wa kusema. Akampa cheo cha balozi. Kina mama wakaweka fedha kwa ajili ya Somoe, si kwa ajili ya Rogers.

Haikupita muda ofisi ikakutwa na kufuli. Apu ukiifungua inazunguka tu, haifiki popote. Akiba zikawa zimekwenda.

Suhaib alikuja katika maisha yake baadaye. Alikuwa fundi friji wa Tandika, mrefu, mwenye vidole virefu visivyo na haraka. Alikuja kunywa supu ya makongoro mara moja, akarudi kesho yake, na kesho yake tena, mpaka wateja wengine wakaanza kumwachia nafasi ile ya mwisho ya benchi bila kuulizana. Alipoisikia habari ya Kitoweo Chap alimtazama Somoe kwa macho ya huruma, akasema, "Pole sana. Nawe walikuponza." Somoe akaipokea ile pole kama mtu aliyerudishiwa chenji kubwa kuliko haki yake. Akanyamaza. Akaiweka.

*

Shangazi alikuja siku ya Jumanne, wateja wa asubuhi walipokwisha kupungua. Mwanamke mnene wa baibui jeusi, mkoba kaukumbatia, macho yake yakipita kwenye sufuria, kwenye meza, kwenye kucha za Somoe.

"Asalaam aleikum, binti."

"Waaleikumu salaam. Shikamoo mama."

"Marahaba. Una supu gani?"

"Ya utumbo ipo. Makongoro yamebaki kidogo."

"Nipe utumbo na chapati moja. Pilipili usiniwekee, tumbo langu halipendi ugomvi."

Somoe akamchotea. Mama yule akakamua ndimu, akaonja, akatazama ndani ya bakuli kwa muda.

"Utumbo huu anauosha nani?"

"Mie mwenyewe."

"Mweupe kama kanzu ya Ijumaa," alisema. Akala kidogo. Kisha akasogea kwenye benchi, akashusha sauti. "Mie mgeni huku. Natokea Tandika. Nimekuja kumuulizia binti mmoja, mambo ya heri."

Upawa ulibaki ndani ya sufuria. Somoe hakuutoa.

"Binti gani, mama?"

"Anaitwa Somoe. Baba yake marehemu Mzee Faraji. Kijana wetu alitaka kunionyesha picha kwenye simu, nikamkatalia. Picha za siku hizi zinapakwa rangi. Mie nataka maneno ya majirani. Mnamjua?"

Somoe angeweza kusema simjui, mama yule angekwenda kibanda kingine. Angeweza kusema namjua, binti mtulivu, mfano wake hakuna, na nani angekanusha? Kwenye kibanda cha jirani alikuwepo Vaileth peke yake, mama wa Kinyakyusa aliyekuja mjini miaka mingi iliyopita, ameinamia beseni lake la utumbo. Mgongo wake tu ndio ulioonekana. Lakini Somoe aliujua mgongo ule. Ulikuwa unasikiliza.

"Namjua," alisema.

"Yukoje?"

"Wa kawaida."

"Wa kawaida ndiyo yupi? Mwanangu, sikutoka Tandika nije kuambiwa wa kawaida. Ana adabu?"

"Anayo."

"Wanaume?"

"Yupo mmoja tu. Fundi friji."

"Huyo namjua," shangazi alisema, na midomo yake ikacheza kidogo. "Sasa huyo binti anampenda kijana, au anatafuta pa kujishikiza?"

Somoe aliinamisha uso juu ya mvuke wa sufuria, mvuke ukamsitiri. "Anampenda. Akimwona anakuja anasahau kama chumvi ameshaweka. Asipokuja, siku hiyo supu inabaki."

"Haya. Hayo mazuri. Sasa nipe baya lake."

"Baya?"

"Kila mtu analo. Asiye na baya ni yule ambaye hajaulizwa vizuri."

Hapo Somoe alikaa. Tangu ofisi ile ifungwe alikuwa akilibeba jambo hili peke yake, akilala nalo, akiamka nalo, na sasa amekuja mtu ambaye kazi yake ni kuliuliza.

"Mama umeziona fulana za kijani hapo nje? Zile za kampuni ya kuuza nyama kwa simu. Somoe ndiye aliyewashawishi kina mama wa hapa waweke fedha zao."

"Nimesikia habari za kampuni hizo. Si naye alidanganywa?"

"Mwanzo alidanganywa. Mwisho hapana. Siku moja aliitwa Mbweni kupigwa picha. Akaona kiu, akaingia jikoni kwao kutafuta maji. Akafungua friji kubwa. Akakuta utumbo, mifuko kwa mifuko, imejaa mpaka juu. Utumbo wake, mama, ule aliokuwa akiwauzia. Yeye hufungaga mifuko kwa vipande vya khanga yake kuukuu, akaviona. Kumbe hakuna tajiri aliyenunua. Kampuni ilikuwa inajinunulia yenyewe, ili kwenye simu ionekane biashara inakwenda, waje wengine waongeze fedha."

Shangazi alikuwa ameacha kula. "Akafanyaje?"

"Akafunga friji. Akaenda kupigwa picha."

Kwenye kibanda cha jirani maji yaliacha kuchapa beseni.

"Kwa nini?" shangazi aliuliza, si kwa ukali.

"Alipenda kuwa balozi. Tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumpigia simu akamwambia, tunakusubiri wewe tu ndipo tuanze. Alijua akisema, hiyo simu haitalia tena. Akajiambia labda kesho matajiri watanunua, labda ndivyo biashara za simu zinavyoanza, yeye na darasa lake la saba atajua nini. Juma lile lile, mama mmoja alikuwa anasitasita. Akamwambia, weka tu, mie nipo. Yule mama akaweka."

"Na sasa amejifunza nini?"

"Amejifunza kuuliza. Mtu akija leo na jambo jipya linalong'aa anamwambia, mnunuzi wako nani? Nionyeshe mmoja nikamsalimie. Swali lenyewe dogo. Angeliuliza siku ya sherehe, wakati watu wanakula, yasingefika huku."

Shangazi akafungua mkoba, akatoa leso, akafuta vidole kimoja kimoja.

"Umenieleza vizuri, mwanangu. Wengine huogopa. Na wewe unaitwa nani? Kwetu neno lisilo na mwenyewe halipokelewi, lazima nikaseme nimeambiwa na fulani."

"Somoe," alisema.

"Na wewe ni Somoe?"

"Mie ndiye huyo, mama. Binti Faraji."

Shangazi alibaki na leso mkononi. Aliyesema ni Vaileth, aliyekuwa amesimama, mikono inachuruzika maji.

"Kumbe ulijua."

Somoe alisimama pia. "Nilijua, dada Vaileth."

"Mie nilikuwa najiambia, mtoto huyu ameponzwa kama sie. Kila alfajiri unaniosheaga utumbo wangu, hutaki hata asante. Nikawa nasema, moyo gani huu. Kumbe ulikuwa unalipa."

"Ndiyo."

"Ungeniambia."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Ningekupiga?"

"Usingenisalimia tena."

Vaileth alitikisa kichwa taratibu. Akamgeukia mgeni. "Mama, mie ndiye yule aliyeambiwa weka tu. Mwanangu wa kwanza alikuwa aende chuo kwa fedha ile, sasa anabeba zege. Ukitaka neno la jirani, ndilo hilo."

"La jirani silichukui likiwa la moto," shangazi alijibu. "Likipoa nitakuja kulisikiliza." Akasimama, akajitengeneza baibui. Pale alipofika ukingoni mwa kibanda alimgeukia Somoe. "Mie natumwa kuuliza tu, binti. Situmwi kuamua. Supu yako nzuri."

Akaondoka. Vaileth akarudi kwenye beseni. Siku ile hakuna aliyemwomba mwenzake hata kiberiti.

*

Suhaib alikuja kesho yake mchana, begi la vifaa begani. Hakukaa mahali pake pa mwisho. Alisimama mbele ya meza kama mteja wa mara ya kwanza, na Somoe, ambaye usiku kucha alikuwa amejifunza namna ya kumtazama, akashindwa kuinua macho juu ya vifungo vya shati lake.

"Shangazi ametoa majibu," alisema.

"Amesemaje?"

"Alimwambia mama hivi: nimekwenda kuulizia, nimemkuta anayemsema binti yule vibaya kuliko wote, nikamuuliza jina, kumbe ni yeye mwenyewe."

"Na mama?"

"Mama amekataa. Anasema aliyeona akanyamaza kwa sababu ya picha, ataona akanyamaza ndani ya nyumba yangu."

"Mama yako amesema kweli."

"Usinijibie, Somoe. Sijakuuliza kama mama amesema kweli." Aliweka begi chini, likalia vyuma. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyomuumiza Somoe zaidi. Angefoka ingekuwa nafuu. "Habari ya friji haikuniuma hivyo. Kilichoniuma, jambo hilo amelijua shangazi kabla yangu. Umemweleza mgeni anayekunywa supu. Mie nilikaa hapa, siku zote hizo, nikakupa pole. Ukaipokea."

"Niliipokea."

"Ungenirudishia."

"Ningekurudishia ungeondoka."

Suhaib alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu kwa kufurahisha. "Ningeondoka," alikubali. "Juma zima labda. Halafu ningerudi kuulizia makongoro, nijifanye nimepita tu."

Somoe akainua macho. Suhaib alikuwa akimtazama vile vile alivyomtazama siku zote, ila sasa kulikuwa na kitu kingine kwenye macho hayo, kama mtu anayeangalia nyumba aliyoizoea akagundua ina chumba ambacho hajawahi kuingia.

"Bado unanitaka?" aliuliza, na mara akaona haya kwa kuuliza.

"Nakutaka. Na nina hasira. Vyote viko humu humu, usinichagulie kimoja." Akavuta pumzi. "Shangazi amebishana na mama. Amesema barua ataileta yeye mwenyewe, Ijumaa baada ya swala. Ila ana sharti."

"Lipi?"

"Haitapokewa na wajomba zako peke yao. Anataka wale kina mama wawepo sebuleni, wote walioweka fedha kwa ajili yako. Kila mmoja aseme kwa mdomo wake kama ana radhi wewe utoke mtaani hapa ukiwa bibi harusi. Mmoja akisema hapana, anarudi Tandika na barua yake. Na kabla ya Ijumaa wawe wamelijua la friji. Walisikie kwako wewe, si kwa watu."

Somoe alishika ukingo wa meza. Sura zao zilimpita moja moja, hata wale waliokwisha kuhama na wale ambao akiwaona mbali hubadili njia.

"Wote?"

"Wote."

"Na wewe umekubali?"

"Nimemwambia viti nitakodi mie."

Akanyanyua begi. Mkono wake ulipita juu ya meza, ukagusa vidole vya Somoe vilivyokuwa na harufu ya ndimu, ukakaa hapo muda mrefu kidogo kuliko inavyoruhusiwa mchana mbele za watu. Kisha akaenda zake, bila supu.

*

Alianza na Vaileth, alasiri ile ile, kwa sababu huko ndiko alikoogopa zaidi. Alimkuta nyuma ya nyumba, uani, anamenya ndizi mbichi. Hakumkaribisha, wala hakumfukuza. Somoe akasimama karibu na kamba ya kuanikia nguo, akasema habari ya barua, na sharti la shangazi, mpaka mwisho.

Kisu cha Vaileth kilikuwa kinakwenda na maganda.

"Kwa hiyo unataka nije nikuombee heri."

"Nataka uje useme ulilonalo. Hata kama ni hapana."

"Na nikisema hapana?"

"Barua itarudi."

"Na yule fundi wako?"

"Atarudi nayo."

"Unampenda?"

Machozi yalikuwa yameshafika, hakuyafuta. "Nampenda, dada. Lakini hilo si la kukulipa nalo. Sikuja kukuambia nampenda ili unihurumie."

Vaileth alitupa ndizi kwenye sufuria ya maji, akachukua nyingine, akaiangalia, akairudisha chini. Kwa mguu akasukuma kigoda kilichokuwa mbele yake.

"Kaa. Jana ulimweleza mgeni, mie nikasikia kwa mgongo. Nieleze mie. Tangu mwanzo."

Somoe akakaa. Magoti yao yalikaribia kugusana.

"Niliitwa Mbweni kupigwa picha," alianza. "Nikaona kiu."

Alieleza yote. Alieleza na ambayo shangazi hakuambiwa: kwamba siku ile alichagua dera la zambarau kwa sababu Rogers alimwambia linampendeza kwenye bango, kwamba alipomwambia Vaileth weka tu, alimshika mkono ili asiangaliwe usoni. Vaileth alisikiliza bila kumkatiza. Pale penye mkono alifumba macho, akayafumbua.

Walipomaliza jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili. Vaileth alichukua kisu chake tena.

"Ijumaa saa ngapi?"

"Baada ya swala. Saa nane hivi."

"Nitakuja." Akamenya. "Nitakalosema, hata mie bado silijui. Usinipikie, usiniletee kitu, usije kunioshea utumbo wowote kabla ya siku hiyo. Nikisema ndiyo, iwe ndiyo yangu."

"Sawa, dada."

"Nenda basi. Mama Salma, naye aliweka, yupo kwake sasa hivi, ukichelewa atatoka."

Somoe akasimama, akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akaenda kwa Mama Salma kupiga hodi.